Tasnifu ya Mwaka wa Mwisho na Msamiati wa Mkonge: Kutoka Maji Maji hadi Ngombezi

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam iliwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Miongoni mwa waliousimamia mradi huo walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa, na taarifa za wanafunzi zilikusanywa pamoja mwaka 1969. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu vita vianze. Wanahistoria wanazitegemea taarifa hizo hadi leo, ingawa baadhi yao wanalalamika, kwa haki, kwamba maswali yaliutafuta mno umoja wa kitaifa. Kwa mwanaisimu kasoro ni nyingine: taarifa ziliandikwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza, hivyo maneno yenyewe ya wasimulizi ni haba.

Mfano huo unafaa kukumbukwa wakati mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapochagua mada. Chaguo lililozoeleka ni dhamira katika riwaya moja. Si chaguo baya, bali halimdai mwanafunzi kupata data ambayo mtu mwingine hajaipata. Makala haya yanapendekeza chaguo jingine, yaani historia ya maneno ya kazi katika shamba la mkonge la Ngombezi, Korogwe.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba ya Tanga yakavuta vibarua kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata Msumbiji. Lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili, nacho kikalazimika kuzitaja kazi mpya. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ujira kamili ulilipwa kadi ilipojaa, hata kama siku hizo zilifanywa kwa wiki nyingi. Nchini Kenya neno hilohilo lilipata maana ya kitambulisho chenye alama za vidole. Manamba, kibarua wa mkataba, limetokana na namba. Silabu (isichanganywe na silabi ya wanafonolojia) ni ufupisho wa jina la Kiingereza la ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, iliyoanzishwa mwaka 1944. Korona lilikuwa jina la mashine ya kuchakata majani, kisha likahamia kwenye kiwanda kizima.

Kamusi inaweza kutoa fasili za maneno haya. Haiwezi kuonyesha ni nani aliyemwita mwenzake manamba, kwa dharau au kwa mzaha, wala kama mhusika alijiita hivyo mwenyewe. Hilo linahitaji sentensi za wasemaji, zilizorekodiwa kwa ridhaa yao na kunukuliwa kama zilivyotamkwa, bila kusanifishwa. Maneno kumi yaliyofuatiliwa kwa namna hii yanatosha kwa tasnifu moja.

Aliyeanza mkataba akiwa na umri wa miaka 20 mwaka wa uhuru, 1961, sasa amepita miaka 80. Miaka 63 baada ya uhuru ilitimia mwaka 2024.