Kuacha sigara: Mvutaji asiachwe peke yake
Nikotini iliyomo katika tumbaku humfanya mvutaji awe mtumwa wa sigara. Anapoiacha, hukabiliwa na hasira, kukosa usingizi na hamu kubwa, hasa katika siku 3 za mwanzo. Hali hiyo hupungua baada ya wiki chache. Wengi hurudia sigara katika kipindi hicho, hivyo msaada wa watu wa karibu ni muhimu.

Mvutaji hushauriwa kuwatajia jamaa zake siku ya kuacha, na kuwaomba wenzake wa kazini na kijiweni wasimpe sigara. Hamu ikimjia, ampigie simu mmoja wao. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Akiteleza, asilaumiwe bali atiwe moyo aanze tena.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 1 baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji.