Hekalu la Makindu ambako mgeni hula bila kulipa

HEKALU la Wasikh mjini Makindu, Kaunti ya Makueni, liko kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa na huwapokea wasafiri wa dini zote. Lilijengwa mwaka wa 1926 na Wasikh, ambao wengi humu nchini huwaita Kalasinga, waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899.

Kabla ya kuingia katika ukumbi wa ibada, ambamo kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, huwekwa mahali palipoinuka, mgeni huvua viatu na kufunika kichwa, awe mwanamume au mwanamke. Asiye na kitambaa huazimwa. Tumbaku na pombe ni marufuku.

Linalowashangaza wengi ni chakula: chapati, dengu, wali na chai ya maziwa, bila nyama wala malipo. Desturi hii, iitwayo langar, ilianzishwa na Guru Nanak (1469-1539) ili tajiri na maskini waketi na kula pamoja. Anayepakuliwa hutarajiwa kumaliza. Kutupa chakula hapo ni utovu wa adabu. Malazi pia hayana bei, ingawa sadaka hupokewa.

Mtihani uko hapo. Wapo wapitao njia wanaolichukulia hekalu kama hoteli ya bure, wakala na kuondoka bila hata kuchungulia ukumbi wa ibada. Kwa kanuni ya langar, hao nao hawafukuzwi.