Sandy Turnbull: Msamaha Uliochelewa

Mashabiki wa Manchester United, nani alifunga bao la kwanza kabisa Old Trafford? Kabla mtaje Charlton, jibu ni Mskoti anayeitwa Sandy Turnbull. Ilikuwa tarehe 19 Februari 1910, siku uwanja ulipofunguliwa, na Liverpool wakaharibu sherehe kwa kushinda 4-3.

Huyu jamaa alizaliwa Hurlford, Ayrshire, mwaka 1884. Alianza kung'aa Manchester City na kubeba Kombe la FA 1904. Shida ni kwamba sheria ilisema mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata kama ni yeye anayejaza uwanja. City wakawa wanaongeza kitu kisirisiri. FA ilipogundua, wachezaji 17 walifungiwa, Turnbull akiwemo.

Akahamia United. Adhabu ilipoisha, alicheza mechi yake ya kwanza Januari 1, 1907, na bao pekee dhidi ya Aston Villa likawa lake. Msimu uliofuata alifunga mabao 25 ya ligi, United wakawa mabingwa. Fainali ya Kombe la FA 1909 pia aliimaliza yeye, 1-0 dhidi ya Bristol City. Mwaka huohuo FA iliwaamuru wachezaji watoke kwenye chama chao cha kutetea haki. Turnbull na wenzake wa United wakakataa katakata.

Halafu ikaja Ijumaa Kuu ya 1915. United iliichapa Liverpool 2-0, na kuna watu walikuwa wamebeti matokeo hayohayo, kila pauni ikizaa saba. Uchunguzi ukaonyesha wachezaji wa pande zote mbili walipanga mechi. Turnbull hata hakucheza siku hiyo, lakini alipatikana na hatia ya kuhusika. Akafungiwa maisha.

Mimi simtetei hapo. Kupanga mechi ni kumwibia shabiki aliyelipa kiingilio. Hata Chelsea waliumia: walimaliza pointi moja tu nyuma ya United, kwenye nafasi za kushuka daraja.

Ila mnaona hesabu ilivyo? Mchezaji akikosea, anafungiwa maisha. Waliomwekea kikomo cha mshahara huku viwanja vikijaa, hakuna aliyewauliza kitu.

Turnbull alienda vitani, akauawa Arras, Ufaransa, tarehe 3 Mei 1917. Hana kaburi linalojulikana, ni jina tu kwenye mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1919 FA ikamwondolea adhabu, kwa sababu alitumikia jeshi. Mwenzake Enoch West, aliyeendelea kusema hana hatia hadi mahakamani, alisubiri mpaka 1945.

Kwa hivyo soka lilimsamehe Turnbull miaka miwili baada ya kufa. Kwangu mimi, huo ni msamaha wa kusafisha jina la anayeutoa. Nyinyi mnaonaje?