Mbweu za Ng'ombe: Chakula Kinachopotelea Hewani

Ndugu mfugaji, leo tuzungumze juu ya jambo unalolisikia zizini kila siku, lakini pengine hujapata kulitilia maanani: mbweu za ng'ombe. Ng'ombe akisha kula hulala, hucheua, na hupiga mbweu. Katika mbweu hizo mna hewa iitwayo methani. Haina rangi wala harufu, na ukiiwasha inawaka. Siku hizi tunaambiwa kwamba methani ya mifugo inaongeza joto la dunia, na wako wanaosema mfugaji ndiye wa kulaumiwa. Kabla hujakasirika, hebu tufuate habari hii toka mwanzo. Utaona kwamba wataalamu waliopima hewa hiyo zamani hawakuwa wakitafuta mtu wa kumlaumu. Walikuwa wakitafuta chakula cha ng'ombe kinapotelea wapi.

Mwaka 1776 Mtaliana mmoja, Alessandro Volta, alivuruga matope ya ziwa Maggiore, akakinga mapovu yaliyopanda juu. Alipoyatia moto, yaliwaka. Hiyo ndiyo methani. Hutokea mahali majani yanapooza pasipo hewa safi. Sasa fikiri: tumbo kubwa la ng'ombe nalo ni mahali pa namna hiyo hiyo. Ni kama pipa la pombe inayochachuka, limejaa majani, maji na vijidudu visivyohesabika. Vijidudu hivyo ni rafiki zetu, maana ndivyo vinavyomwezesha ng'ombe kupata nguvu katika nyasi ambazo mimi na wewe tukizila hatupati kitu. Lakini katika kazi hiyo hutoka hewa ya haidrojeni, na viko vijidudu vingine vinavyoichukua na kuifanya methani. Ng'ombe hana kazi nayo, basi huitoa. Na sehemu kubwa sana hutokea mdomoni, si nyuma kama watu wanavyotania.

Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, Bwana Henry Armsby alijenga chumba maalum, kikakamilika mwaka 1902. Ng'ombe aliingizwa humo, akalishwa kwa kipimo, kisha kila kilichotoka kikapimwa: mavi, mkojo, joto na hewa. Swali lilikuwa moja tu: chakula alichokula, kiasi gani kimeufaa mwili wake na kiasi gani kimepotea? Vipimo vya wataalamu wengi waliofuata vimeonyesha kwamba kati ya sehemu 2 na 12 katika kila 100 za nguvu iliyomo katika chakula hutoka ikiwa methani. Ni sawa na kubeba magunia 100 toka shambani na kufika ghalani ukakuta kadhaa yamemwagika njiani.

Baadaye Bwana Robert Hungate, naye wa Marekani, alivumbua njia ya kuotesha vijidudu hivyo pasipo oksijeni. Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha uchachu wa tumboni kati ya ng'ombe wa Kizungu na zebu, ng'ombe kama hawa wetu. Na mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani si bakteria hata kidogo, bali ni ukoo wao peke yao.

Mambo ya joto la dunia yaliongezwa juu ya elimu hiyo. Methani hukaa angani miaka 12 hivi tu, lakini kwa muda wa miaka 20 inatia joto mara 80 hivi kuliko hewa ya kaboni yenye uzito ule ule. Ndiyo maana mwaka 2021, mkutanoni Glasgow, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kwa pamoja kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Nasi jambo hili linatuhusu, kwani mvua zikipotea ni malisho yetu yanayokauka.

Pengine utauliza: dawa hakuna? Ipo. Upo unga unaochanganywa katika chakula cha ng'ombe, ulioruhusiwa Brazil na Chile mwaka 2021 na Ulaya mwaka 2022. Kwa ng'ombe wa maziwa hupunguza methani kwa asilimia 30 hivi. Lakini unga huo unamfaa yule anayelishwa zizini kila siku kwa kipimo. Wewe unayechunga porini, usiungoje.

Lako ni hili. Katika kituo cha Mazingira, Nairobi, wataalamu waliwalisha maksai wa Boran chini ya mahitaji yao, kama tunavyofanya kiangazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: walionyimwa sana walitoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula walichokula. Kwa hiyo njaa haipunguzi hasara, inaizidisha.

Wasukuma walijua zamani kutenga ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulizihuisha. Fanya vivyo hivyo. Kata nyasi kabla hazijakomaa zikawa kama kuni, uzikaushe na kuziweka mahali pasiponyesha. Changanya na majani ya mikunde. Chanja na kuogesha mifugo, maana ng'ombe mgonjwa anakula, anapiga mbweu, na hakupi kitu.

Tena piga hesabu. Tuseme una ng'ombe watatu, kila mmoja anatoa lita 2. Jirani anaye mmoja wa lita 6. Maziwa ni sawasawa, lakini wewe unalisha miili mitatu, na matumbo matatu yanapiga mbweu. Najua ng'ombe ni benki, ni mahari, ni akiba ya siku ya njaa. Sikuambii uuze wote. Nasema yule mzee asiyezaa tena, muuze angali na mwili, kabla kiangazi hakijamla, na majani yake wapewe wanaokamuliwa.

Basi masika haya, kabla mvua haijakatika, tenga eneo lako la ngitili, hata likiwa dogo. Kwaherini, na kazi njema.