Kipande: mababu walifungwa nacho, wengine wametembea kukitafuta

Watu wangu wa Kitui na Makueni, hebu tuongee kuhusu kipande. Askari akikusimamisha usiku pale Wote, hasemi "naomba kitambulisho." Anasema "toa kipande." Hilo neno limetoka mbali.

Mwaka wa 1915 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kusajili Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, na rekodi ya mwajiri wake. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Ukitoroka shamba la mzungu, hiyo karatasi ndiyo ilikushikisha. Siku ya kukipokea hakuna aliyepiga makofi.

Sasa ruka hadi Oktoba 2016. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwa mashamba ya mkonge na miwa, walianza safari ya miguu kuelekea Nairobi. Shida yao? Hawakuwa na kipande. Walizaliwa hapa, wakazaa hapa, lakini kwa karatasi hawakuwa watu wa nchi yoyote. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti benki, hupigi kura.

Sisi Wakamba hatuhitaji kuelezwa hiyo safari. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza watu wetu hadi Nairobi baada ya serikali kuchukua ng'ombe wao. Ukikosa kusikizwa nyumbani, unabeba maneno yako kwa miguu.

Wamakonde waliingia Ikulu, Rais Uhuru akawaomba msamaha, na mapema 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43. Halafu Julai 2021 Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kuhubiri, wakapewa vyeti vya uraia, watu 1,670. Mwaka wa 2023 ikawa zamu ya Wapemba kule Kilifi.

Picha za hizo sherehe ni tamu. Jina linaitwa, mzee anainuka, anashika cheti kwa mikono miwili. Mimi niliacha kampasi, cheti cha maana nilicho nacho ni cha kuzaliwa, na sijawahi kukishika hivyo.

Lakini hapa ndipo naudhika. Sheria ya Uraia ya 2011 ilikuwa tayari imewafungulia mlango watu wasio na nchi walioishi Kenya tangu uhuru. Ilikuwa tayari imeandikwa! Bado ilibidi Wamakonde watoke Kwale na miguu yao. Haki ikingoja mkubwa aje na kamera, hiyo inageuka zawadi, na zawadi unaombwa ushukuru. Cheti cha uraia kingefaa kutoka dirishani, kwa karani, siku ya Jumanne ya kawaida, jina likiwa limeandikwa sawa.

Sherehe ibaki, sawa. Watu wafurahi. Ila ije baada ya kazi, isiwe ndiyo kazi.

Na wewe ambaye kipande chako kiko tayari kwa ofisi na hujaenda kukichukua, kesho panda matatu uende.