Kutoka Gramafoni za Wenela Hadi Technics: Wazee wa Mbeya na Iringa Walichaguaje Mashine ya Santuri?

Kijana anayetafuta mashine kali ya santuri leo ataanza na jina: Technics, Rega, Thorens. Halafu bei. Babu yake wa Tukuyu au Mufindi miaka ya 1950, kama alijaliwa kuwa na mashine, swali lake la kwanza lilikuwa jingine kabisa: hii inatumia nini?

Maana umeme haukuwepo. Ukitoka kwenye mitaa michache ya mjini, ni koroboi tu. Kwa hiyo mashine ya maana ilikuwa gramafoni ya sanduku, kama HMV 102 iliyoanza kutengenezwa 1931. Unazungusha mpini, springi inakaza, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika. Haitaki betri. Ukimaliza unafunga kifuniko, unaibeba kama begi.

Zilifikaje huku juu? Kwa jasho. Mji wa Mbeya ulianza 1927, enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya, na pesa ya mshahara ikaanza kuzunguka. Wengine wakaenda mbali zaidi: migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, au Afrika Kusini kupitia Wenela, jina ambalo wazee wa Rungwe hawahitaji kuelezwa. Huku Iringa wengi walikwenda umanamba kwenye mkonge. Aliyerudi alitarajiwa arudi na kitu: nguo, baiskeli, na kwa aliyejikaza kweli, gramafoni. Sasa fikiria, sahani zile zilikuwa zinavunjika kama kigae, halafu mtu anazitoa Johannesburg mpaka Tukuyu zikiwa nzima. Huo ndio upenzi wa muziki.

Na Kiswahili kilikuwemo kwenye sahani zamani sana. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa HMV, wale wa lebo yenye picha ya mbwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey akamrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, na sahani zikatolewa na Gallotone ya Afrika Kusini. Yaani gitaa la Kongo lilipitia Johannesburg ndipo likasambaa.

Siri ya gramafoni ilikuwa sindano. Ilikuwa ya chuma, na kanuni ni kuibadilisha kila baada ya upande mmoja. Mbahili aliyeirudiarudia alikuwa anaikwangua sahani yake mwenyewe, kwa sababu kichwa kile kilikandamiza kwa zaidi ya gramu 100. Santuri za vinaili zilizokuja baadaye, zile za 45 na 33, mifereji yake ni myembamba. Ukiiweka chini ya sindano ya chuma, imekwisha hiyo.

Na kuziharibu ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa kwenye tepu pale RTD, Dar, na wenye kutaka sahani walitegemea Nairobi. Ndiyo maana hata Mbaraka Mwinshehe, mtu wa Morogoro, sahani zake zilitokea Kenya. Februari 1977 mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na kaseti zikawa zinachukua nafasi. Kwa hiyo 45 iliyosahaulika chini ya kitanda Ilomba au Ipogolo sio pambo. Ikikwanguka, hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Sasa turudi kwenye kuchagua. Zile mashine za sanduku za bei chee, zinazotoka vizuri kwenye picha, nyingi zinakandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi. Mashine ya maana inaishi kwenye gramu 2 hivi, na mkono wake una uzito nyuma wa kurekebisha. Hicho ndicho cha kulipia, sio mbao inayong'aa. Meza nayo iwe nzito na iliyonyooka, la sivyo sindano itaruka kila mtu akipita.

Mwenye sahani za babu aangalie jambo moja zaidi. Technics SL-1200MK2 ya 1979, mashine ambayo madijei wa dunia nzima wanaiabudu, ina kasi ya 33 na 45 tu. Na hata kwenye mashine yenye 78, sindano lazima iwe nene, karibu mara tatu ya ile ya vinaili. Bila hiyo, sahani iliyovuka mipaka kwenye mzigo wa mtu wa Wenela itaishia kutundikwa ukutani.