Nafsi Maabarani: Saikolojia Ilivyoingia katika Vyuo vya Kikatoliki



Wapendwa waamini, kila mara vijana wetu wanapochagua masomo ya chuo kikuu, hujitokeza mzazi mwenye hofu. Binti yake amepata nafasi ya kusomea shahada ya kwanza ya saikolojia, tena katika chuo cha Kanisa, naye anauliza: je, hiyo si elimu inayofundisha kwamba dhambi ni ugonjwa tu, na sala ni kujiliwaza? Swali hilo si la kubeza. Kanisa lenyewe limelijadili kwa zaidi ya karne moja, na mjadala huo una historia ambayo wengi wetu hatujapata kusimuliwa.

Turudi mwaka 1879. Mjini Leipzig, Ujerumani, Wilhelm Wundt alianzisha maabara ambamo walipima, pamoja na mambo mengine, muda anaoutumia mtu kuitikia sauti au mwanga. Mwaka huohuo, tarehe 4 Agosti, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Aeterni Patris, akiwaagiza wasomi wa Kanisa wairudie falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Huku saa na vipimo, kule vitabu vya karne ya 13. Nani angetazamia kwamba pande hizo mbili zingeketi meza moja?

Zilikutana Leuven, Ubelgiji. Padre Désiré Mercier alipewa mwaka 1882 kazi ya kufundisha falsafa ya Mtakatifu Thoma katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha huko, na mwaka 1889 ikazaliwa taasisi ya falsafa aliyoiongoza. Mercier hakutaka Thoma awe kama sanduku la urithi lisilofunguliwa. Hoja yake, tukiieleza kwa maneno yetu, ni hii: Thoma alifundisha kwamba binadamu ni mmoja, mwili na roho, na kwamba ujuzi wetu huanzia katika milango ya fahamu. Basi, kuichunguza milango hiyo kwa vipimo si kuitukana roho. Lawama ya kuwatenganisha wawili hao aliitupa kwa Descartes, na mwaka 1897 alichapisha kitabu kizima juu ya asili ya saikolojia ya nyakati zake. Mwanafunzi wake, Armand Thiéry, alikwenda kujifunza kwa Wundt, kisha akaiongoza maabara ya Leuven. Mercier mwenyewe akawa Askofu Mkuu mwaka 1906, na Kardinali mwaka 1907.

Ng'ambo ya bahari, Padre Edward Pace, mzaliwa wa Florida, alitunukiwa shahada ya uzamivu mjini Leipzig mwaka 1891 chini ya Wundt. Alirudi Washington, katika Chuo Kikuu Katoliki cha Marekani, akaanzisha maabara yake mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890. Hakujificha: jina lake limo miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichoundwa mwaka 1892.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila mwanafunzi Mkatoliki aliiona maabara. Katika vyuo vingi vya Kikatoliki, kwa miongo kadhaa, saikolojia ilifundishwa kama tawi la falsafa. Kitabu kilichojulikana sana ni kile cha Mjesuiti Michael Maher, kilichotoka mwaka 1890: sehemu ya kwanza ilieleza hisi, kumbukumbu na utashi, sehemu ya pili ilithibitisha kwamba roho haifi. Ni kitabu cha heshima. Lakini kwa maoni yetu, mpango huo ulikuwa na upungufu: kijana aliweza kuhitimu akiwa hodari wa kutetea uhai wa roho baada ya kifo, asijue la kufanya mbele ya jirani aliyelemewa na huzuni kabla ya kifo.

Aliyeliona pengo hilo ni mwanafunzi wa Pace, Padre Thomas Verner Moore. Akiwa tayari na shahada ya uzamivu ya saikolojia, alisomea pia udaktari, akahitimu mwaka 1915. Kisha akafungua kliniki ya watoto wenye matatizo ya akili na tabia katika hospitali moja ya Washington. Alijiunga na Wabenedikto, na mwaka 1926 ikaanzishwa kwa juhudi zake shule ya wasichana wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1947, akikaribia miaka 70, aliacha yote akaingia kwa Wakartusio, watawa wa ukimya. Huko ndiko alikoishia, mwaka 1969.

Mwaka huo wa 1947 ulikuwa pia wa kelele. Monsinyori Fulton Sheen alihubiri New York dhidi ya mafundisho ya Freud, na baadhi ya madaktari Wakatoliki walikwazika. Hofu yake haikuwa bure: mtu hawezi kubadilisha kitubio na kiti cha tabibu. Papa Pio XII alipozungumza na wataalamu wa tiba ya nafsi, Aprili 1953, aliweka mipaka ya kimaadili bila kuwafukuza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikwenda mbali zaidi: Furaha na Matumaini, namba 62, yataka wachungaji watumie pia matokeo ya sayansi, hasa saikolojia na sosholojia. Kabla ya hapo, mwaka 1960, Magda Arnold wa chuo cha Wajesuiti cha Loyola, Chicago, alikuwa amekwisha kuchapisha utafiti mkubwa kwamba hisia huanza na hukumu ya nafsi juu ya jambo, ni jema kwangu au baya; na humo Thoma alitajwa bila haya.

Mbegu ya Leuven ilifika Afrika pia. Mwaka 1954 chuo hicho kilizaa Lovanium, karibu na Kinshasa ya leo. Serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vya Kongo mwaka 1971, masomo ya saikolojia na elimu yalipelekwa Kisangani, na huko yanaendelea hadi leo, katika mji ambao Kiswahili husikika sokoni.